Wa Nne Kufika

Mshindi wa mbio za nyika huonwa na kila mtu. Anakata utepe, anavishwa medali, na picha yake inatoka gazetini. Mimi macho yangu huwa kwa mwingine: yule wa nne wa timu yake, anayefika dakika nzima baadaye, miguu imepakwa tope hadi magotini, mmoja yuko hatua mbili mbele yake na wawili wanamhemea mgongoni. Hesabu ya timu iko mikononi mwake. Akimpata yule wa mbele, timu inapanda. Hao wawili wakimpita, timu inashuka, na ushindi wa aliyekata utepe hautaiokoa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Timu hupanga wakimbiaji sita, na wanne wa kwanza kufika ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Chukua klabu yenye nyota mmoja, watu wake wamefika wa 1, wa 9, wa 20 na wa 34. Jumla ni 64. Kando yake kuna klabu isiyo na nyota, watu wake ni wa 8, 11, 14 na 17. Jumla ni 50. Klabu hii ya pili imeshinda bila kuwa na mtu hata mmoja katika saba bora. Nao wa tano na wa sita, ambao nafasi zao haziingii kwenye jumla, bado wana kazi: kila wakimtangulia mtu wa timu pinzani anayehesabiwa, wanamsogeza nyuma na kuiongezea timu yake mzigo.

Klabu ninayoifuatilia iko Nyahururu, mji ulio zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi nyasi zina umande mzito na mtu akivua viatu baada ya mazoezi vidole vimekufa ganzi. Haina kambi yenye lango, wala mfadhili wa kuishonea jezi mpya kila msimu. Wamo wakulima wa viazi, wamo wanaokamua ng'ombe kabla ya kuja mazoezini, yumo mwendesha bodaboda, na wamo vijana waliomaliza kidato cha nne juzi wanaongoja usajili wa jeshi, polisi au magereza, kwa sababu huko mkimbiaji mzuri huajiriwa na kukimbia ikawa ndiyo kazi yake. Kocha wao naye alikimbia zamani. Wanamwita mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki.

Mtoto wa hapa akianza kukimbia hutajiwa John Ngugi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ngugi, mtu wa Nyahururu, alishinda mbio za nyika za dunia mara tano: kuanzia 1986 hadi 1989 mfululizo, halafu tena 1992 mjini Boston kwenye theluji. Alikuwa na hatua ndefu, na tabia ya kuponyoka mapema kabla wengine hawajajua kama mbio zimeanza kweli. Lakini mwalimu akiwasimulia vijana habari za miaka ile, kwa Ngugi hakai muda mrefu. Anakaa kwenye timu. Wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, mara 18 bila kukosa, na kwa sehemu kubwa ya enzi hizo nafasi zilizohesabiwa kwa wanaume zilikuwa sita. Mjini Auckland mwaka 1988, Wakenya wanane waliingia katika tisa bora. Timu ya taifa ilikuwa ikikusanywa Kigari, Embu, kwenye chuo cha walimu cha St Mark's katika miteremko ya Mlima Kenya, chini ya kocha Mike Kosgei, watu wakakimbia pamoja juma baada ya juma hadi kila mmoja akaijua pumzi ya mwenzake na kujua lini inadanganya. Ubingwa wa aina hiyo hauletwi na kipaji cha mtu mmoja, hata awe Ngugi.

Ndiyo maana mazoezi ya klabu hii ukiyatazama harakaharaka hayana mvuto. Siku moja wanakimbia kona hadi kona ya uwanja wa mpira, mshazari, wakirudi taratibu nyuma ya goli ili kuvuta pumzi, na wengi wako pekupeku. Siku nyingine ni kilima. Siku nyingine ni mwendo mrefu kwenye barabara za udongo za kuelekea Marmanet, hakuna anayeongea. Zoezi linalonifanya niache shughuli zangu ni lile la malishoni.

Mwalimu hupanga mzunguko kwa vigingi kwenye malisho yenye nundu na mashimo ya fuko, kisha anasimama kwenye kona moja na saa yake. Wa kwanza akipita anabonyeza. Wa pili na wa tatu wanapita, hawatazami. Wa nne akipita anabonyeza tena na kupaza sauti: "Pengo, kumi na nane!" Ni sekunde 18 kati ya wa kwanza na wa nne. Mzunguko unaofuata: "Pengo, kumi na tisa!" Wote wamesikia, na wote wanajua maana yake. Katikati ya msafara, hasa kwenye mashindano ya hapa kwetu ambako kila kijiji kina mtu anayejua kukimbia, sekunde kumi zinaweza kubeba watu kumi.

Sasa, pengo linazibwaje? Mtu asiyejua atasema wa mbele apunguze. Siku ya mbio hakuna anayemngoja mwenziwe. Wa mbele akipunguza, timu imepoteza huko juu bila kupata huku chini. Dawa ya mwalimu ni kumpa wa nne usukani. Kwenye kilima, mazoezini, wa nne ndiye anayetangulia, wenye nguvu wakiwa nyuma yake, na ni marufuku kumpita. Mwanzoni hili linawachosha wote wawili: wa nne anakimbia juu ya uwezo wake, na wa kwanza anakereka kwa kufungwa breki. Lakini ukiwatazama kwa majuma, unaona wa nne akizoea kasi asiyokuwa akiithubutu, maana ameibeba mwenyewe na hakuburutwa nayo. Naye wa kwanza anajifunza jambo ambalo vijana wenye vipaji hulikosa: kutulia ndani ya kundi bila kuchezacheza, bila kutumia nguvu zisizohitajika. Nimeona pengo likitoka sekunde thelathini na kitu hadi kumi na mbili katika msimu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amevunja rekodi yoyote.

Kazi nyingine inafanyika kabla mtu hajakimbia hatua moja. Siku ya mashindano klabu hufika mapema na kutembea njia yote, taratibu, mzunguko mzima wa kilomita mbili. Mwalimu ana fimbo anayoichoma ardhini. Huku kwetu kuna udongo mweusi wa kunata ambao ukikauka unapasuka na ukinyeshewa unamganda mtu miguuni, na ndani ya uwanja mmoja unaweza kuukuta bondeni huku juu kukiwa na changarawe. Palipolishwa kondoo nyasi ni fupi na kumekauka. Chini ya miti umande unakaa hadi saa nne. Tope jembamba lenye maji juu mara nyingi lina sakafu ngumu chini yake, unaweza kulikanyaga katikati bila hofu. Tope zito lisilo na maji ndilo linalowavua watu viatu. Kwenye kona ya kwanza wanasimama muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu mstari wa kuanzia ni mpana na njia inayoufuata ni nyembamba. Zaidi ya watu mia watataka kuingia pale kwa pamoja. Kila mmoja anachagua ubavu wake, na anaambiwa afike hapo akiwa wa ngapi: mapema mno atakuwa ameiunguza pumzi, amechelewa atasimama kabisa na kuchungulia migongo.

Baada ya hapo ni viatu. Vya misumari havitoshi, vingine vilitoka sokoni mtumbani, na spana ya kufungulia misumari ni moja, inazunguka mkono kwa mkono. Ardhi ikiwa kavu wanafunga misumari ya milimita 9, ikiwa ya tope wanafunga ya 15, na hapo ndipo ile fimbo ya mwalimu inapopata faida yake, maana msumari mrefu kwenye ardhi ngumu humchoma mwenyewe unyayo. Tundu la msumari likijaa udongo uliokauka halifunguki tena kwa spana, kwa hiyo wameshika desturi ya kupaka mafuta ya kujipaka kwenye nyuzi za msumari kabla ya kuuzungusha. Kamba za viatu zinaloweshwa maji, zinakazwa, zinafungwa mara mbili, na ncha zake zinachomekwa ndani. Yote haya yanafanywa kimya, kwa mikono isiyo na haraka, na nimekaa karibu nao nikitazama mradi tu nione.

Kisha ufundi wa mguu wenyewe. Kupanda kilima kwataka hatua fupi, mikono ikifanya kazi, macho yakiwa hatua tatu mbele, yasiwe kileleni. Hilo wengi wanalijua. Kitu ambacho mwalimu hukirudia kila siku ni kile kinachotokea juu. Wakimbiaji wengi wakifika kileleni huvuta pumzi moja ya kujipongeza na mwendo unalegea. "Kilima kinaisha hatua ishirini baada ya kilele," anawaambia, na anawafanya wazihesabu. Katika hatua hizo ishirini mtu hupita wawili, watatu, bila kuongeza jasho, kwa sababu wenzake wamejipa mapumziko. Kushuka nako kuna siri yake. Anayeogopa huegemea nyuma na kufunga breki kwa visigino, mapaja yanapigwa, na mzunguko unaofuata hana miguu. Anayejua huinama kidogo mbele, anaachia mikono ipanuke, na miguu inagusa chini upesi upesi, ikipapasa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kwenye tope hakuna hatua ndefu. Kwenye kona hakuna kuzunguka nje. Mistari iliyonyooka kutoka kigingi hadi kigingi humpunguzia mtu mita nyingi ifikapo mwisho wa kilomita 10, na mita hizo hazimgharimu kitu.

Mchezo huu ulianza kama mchezo wa watoto wa shule za bweni Uingereza, wakifukuzana mashambani kwa kufuata vipande vya karatasi vilivyomwagwa njiani, na klabu ya kwanza, Thames Hare and Hounds, iliundwa 1868. Uliwahi kuingia Olimpiki. Mjini Paris mwaka 1924 joto lilikuwa kali mno: walioanza walikuwa 38, waliomaliza 15, na mbio za nyika hazijarudi Olimpiki tangu siku hiyo. Nasikitika kila nikilikumbuka hilo, maana mchezo unaopima timu kwa namna hii ni nadra.

Kwa mwalimu, historia ni ghala la masomo, na anayachagua ya watu walioshindwa na kichwa kuliko miguu. Mwaka 1981 mjini Madrid, Waethiopia walikuwa mbele ya dunia nzima, wakakosea kuhesabu mizunguko, wakaumaliza mzunguko wa kabla ya mwisho kwa kasi ya kumalizia. Waliposhtuka Craig Virgin wa Marekani alikuwa anakuja, na ubingwa ukaenda naye. Timu ya Ethiopia ilishinda hata hivyo, na hapo mwalimu hutulia kidogo ili wanafunzi wake waitafakari sehemu hiyo ya pili.

Halafu Mombasa, 24 Machi 2007, uwanja wa gofu kando ya bahari. Ulikuwa ubingwa wa dunia nyumbani, na wengi wa wakimbiaji wetu ni watu wa bara, wa hewa nyembamba na baridi ya asubuhi. Jua la pwani na unyevu wake viliwaangusha watu ovyo. Kenenisa Bekele, aliyekuwa hajashindwa katika mbio hizo kwa miaka, alijiondoa mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akapita kushinda. Kenya ilichukua ubingwa wa timu. Miaka kumi baadaye, Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei aliwaponyoka wote mbele ya watu wake, uwanja mzima ukilipuka, kisha miguu ikamwisha katika mzunguko wa mwisho kabisa. Geoffrey Kamworor akampita akiwa anayumba, na Cheptegei akamaliza wa 30. Ningependa kila kijana anayeanza mchezo huu aitazame picha ya mbio zile hadi mwisho, kisha atazame za Aarhus 2019, ambako njia ilipandishwa juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho. Mtu huyohuyo alisubiri, akashinda, na Uganda ikatwaa ubingwa wa timu ya wanaume kwa mara ya kwanza.

Kwenye klabu, mwenye akili ya namna hiyo ni mama mmoja wa watoto watatu, anayeuza mboga sokoni. Kasi ya kumalizia hana. Mbio fupi uwanjani wasichana wa kidato cha tatu wanamwacha. Lakini tangu wanawake walipoanza kukimbia kilomita 10 sawa na wanaume, jambo ambalo kwenye ubingwa wa dunia lilianza Kampala 2017, urefu huo umemfaa kuliko mtu yeyote pale, na ndiye wa nne wa timu ya wanawake.

Mbio za mkoa za msimu huu nilizitazama nikiwa nimesimama juu ya kilima, mahali ambapo njia inapinda na kuingia bondeni. Mzunguko wa kwanza mama alipita akiwa ndani kabisa ya msafara, sioni hata namba yake, nikadhani siku imemkataa. Uso haukuwa na dalili yoyote. Mzunguko wa pili alikuwa amehamia ubavu wa kulia, ule ule waliokuwa wameuchagua asubuhi, ambako nyasi zilikuwa bado hazijakanyagwa zikageuka tope. Wa tatu, wenzake walioanza kwa pupa walikuwa wanamrudia mmoja mmoja, na yeye anawapita bila kuwatazama. Hafukuzi kila mtu. Anatafuta rangi za jezi. Kulikuwa na klabu moja ya jezi za kijani ambayo mwalimu alikuwa ameipigia hesabu, na kila mwenye kijani aliyekuwa mbele ndiye aliyekuwa lengo lake. Wengine aliwapita njiani tu.

"Mama, thelathini na mbili!" mwalimu akamwambia wakati kengele ya mzunguko wa mwisho ilipogonga. Mama hakuitika. Kilimani alipanda na wasichana wanne. Kileleni wote wanne walifanya kile wanachofanya watu wote, wakaachia kidogo. Nikaziona hatua zake ishirini. Sikuzihesabu, lakini nilijua zinapoanza na zinapoishia, na zilipoishia alikuwa amewaacha wote na anaingia mteremko mikono imepanuka, visigino haviko chini. Alifika wa 26.

Nyuma yake walikuwa wamebaki wawili wa klabu, wasichana wadogo, wa tano na wa sita, ambao mwanzoni mwa msimu walikuwa wakilia kwamba wanapewa jezi za kusindikiza. Wa nne wa kijani alikuwa mbele yao hadi mita mia za mwisho. Walimjia mmoja kulia mmoja kushoto, wakampita pamoja, wakaingia kwenye kamba za kumalizia wakiwa wa 29 na wa 30. Yeye akawa wa 31.

Matokeo yalichelewa, kama kawaida, na kila kocha alikuwa na daftari lake na kila daftari lilikuwa na jumla tofauti. Karatasi rasmi ilipobandikwa watu walisongamana. Walioshinda walikuwa mbali, hakuna aliyewagusa. Nafasi ya pili ndiyo iliyokuwa na kelele. Klabu yetu: 12, 15, 19, 26. Jumla 72. Kijani: 7, 14, 21, 31. Jumla 73.

Ndani ya matatu, mwalimu alifungua daftari na kumsomea kila mtu nafasi yake, bila sifa na bila lawama. Alipofika kwa wale wawili akawauliza: mngebaki nyuma ya yule wa kijani, yeye angekuwa wa ngapi? Wakanong'onezana. Wa 29. Haya, jumlisheni. Mdogo wao alijumlisha kwa vidole, akasita, akarudia kwa sauti: saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na tisa. Sabini na moja. Gari zima likacheka kwa furaha, na mama wa mboga, aliyekuwa ameegemea dirisha, akageuka akamwambia, "Basi leo mmenibeba, mwanangu," kisha akaomba apewe ile spana atoe misumari kabla udongo haujakauka.